Shangazi Hana Bastola

Napenda tamthilia za Kituruki kama wenzangu wengi hapa Makanyagio. Zikishatiwa sauti za Kiswahili, jioni mtaa unatulia. Ikiwa ni ya polisi wanaowasaka wauzaji wa wanawake, ndiyo kabisa: jambazi wa suti nyeusi, kontena bandarini, mlango unavunjwa, wasichana wanatoka wakilia, nasi tunashangilia. Ugomvi wangu si na waigizaji. Ni na sisi tunaozima runinga tukiamini ubaya huo unakaa Istanbul.

Kwetu msafirishaji wa binadamu havai suti. Anavaa kitenge. Anaitwa shangazi, mama mdogo, au "mama mmoja wa Dar". Anakuja na kilo mbili za sukari na doti ya khanga, anasema anatafuta binti wa kumsaidia kazi, tena atamsomesha cherehani. Hana haja ya kuvunja mlango, wazazi wanamfungulia. Hana kontena, kuna treni ya Tabora na basi la alfajiri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 haikutungwa kwa majambazi wa suti peke yao. Inamgusa anayemtafuta mtu, anayemsafirisha na anayempokea ili anyonywe. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi.

Najua jibu: "Umaskini, ndugu yangu. Abaki hapa ale nini?" Umaskini naujua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kilichoipita mikoa yote. Na hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Dalali anamtafuta huyo huyo: hana shule, ana mtoto, nyumbani anaonekana mzigo. Umaskini unaeleza kwa nini binti anaondoka. Hauelezi kwa nini mshahara wake anapokea mtu mwingine, wala kwa nini hana simu.

Sisemi kila msichana wa kazi ameuzwa. Kazi za ndani ni kazi. Lakini kazi ina mshahara unaotajwa kabla ya safari, mwajiri mwenye jina na mtaa, siku ya kupumzika, na ruhusa ya kuacha. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilichapisha masimulizi ya Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu; wengi walinyang'anywa pasipoti. Tulisikitika. Binti wa Mpanda aliyeko Dar bila nauli ya kurudi, pasipoti yake ni ipi?

Basi mtoto asiondoke mtaani bila jina, simu na makazi ya anayemchukua kuandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure. Na leo tamthilia ikiisha, tuulizane: binti wa jirani aliyeondoka mwaka jana, nani amesikia sauti yake?