Ushuru wa Korosho Uanzie Shambani

Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, tunakumbushwa kwamba kilimo kinachangia zaidi ya robo ya pato la taifa na kinaajiri takribani theluthi mbili ya Watanzania. Mimi ni mtoto wa Newala, mkoani Mtwara. Nilisomeshwa kwa korosho kuanzia darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Nikizisikia takwimu hizo huwa nangoja jibu la swali moja tu: katika fedha zilizotoka shambani, ni kiasi gani kinarudi shambani?

Nauliza kwa sababu mkorosho haujiendeshi. Wakati bajeti inajadiliwa, huku kwetu watu wamemaliza kupalilia na kupogolea, na wameanza kupulizia salfa. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, mashine mgongoni, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, ili unga wa salfa ushike. Ugonjwa wa ubwiri unga, unaozuiwa na salfa, ukiyawahi maua, yananyauka na korosho haipo. Salfa inahitajika miezi ileile ambayo nyumba haina kitu. Fedha za mnada zilishaishia kwenye ada, bati na madeni, na mavuno mapya hayaanzi mpaka Septemba au Oktoba. Asiye na uwezo huenda kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa nje ya mfumo rasmi, akamkatia korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Nimeona familia zenye mikorosho mingi zikimaliza msimu bila hata gunia moja la kupeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, na watoto wao wakarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare.

Historia yetu inatosha kufundisha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho mbali, bei ikawavunja moyo, ubwiri unga ukamalizia. Kilichoinua zao tena ni salfa, miche bora na utafiti wa kituo cha Naliendele, pamoja na mkulima aliyeona kwamba jasho lake linalipwa.

Korosho ghafi zinazosafirishwa nje hutozwa ushuru, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Asilimia 65 ya ushuru huo ilipelekwa kwenye mfuko wa kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2017 wakulima walipewa salfa bure, na msimu wa 2017/18 ukatoa zaidi ya tani 313,000. Korosho zikaongoza mazao yote ya biashara kwa kuingiza fedha za kigeni. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, ingawa wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu zote. Miezi michache baadaye bei mnadani ilianguka, wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza, Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Msimu ule tulivuna karibu tani 225,000. Sisemi kwamba sheria ile peke yake ndiyo iliyoshusha mavuno. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Lakini Serikali iliporudi kutoa pembejeo za ruzuku miaka ya karibuni, mavuno yalipanda, na msimu wa 2024/25 yakavuka tani 500,000.

Najua jibu la Hazina: taifa ni moja, na ushuru wa Mtwara hujenga zahanati Simiyu. Nakubali, na ninafurahi ukijenga. Tuliitwa wachoyo mwaka 2013 tulipouliza kuhusu gesi asilia ya Mtwara, na sitaki tuitwe hivyo tena. Ninachodai ni gharama ya uzalishaji itengwe kwanza. Mgodi wa dhahabu haukosi mafuta ya mitambo kwa sababu Serikali imeshachukua mrabaha wake. Mkulima wa ekari tatu za mikorosho ndiye mgodi wa kusini, na mtambo wake ni ule alioubeba mgongoni.

Salfa ya ruzuku leo inatolewa, na tunashukuru. Shida ni kwamba mkulima anaipokea kama zawadi, hajui mwakani kama ipo. Ninawaomba wabunge wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani wasimamie mambo mawili kabla ya bajeti ijayo. Kwanza, sehemu ya ushuru inayopaswa kurudi kwenye zao ilindwe kisheria isiguswe kwa shughuli nyingine. Pili, kila msimu mkutano mkuu wa AMCOS usomewe hesabu kamili: korosho zilizouzwa, ushuru uliokatwa, na mifuko ya salfa iliyorudi. Na mkulima mwenzangu, siku ya mkutano huo usibaki nyumbani. Nenda ukaulize.