Mwanaprogramu, Msome Mkangi
Na Kadzo Charo

Vijana wanaoandika programu za kompyuta hapa Kilifi ni wasomaji wazuri, asikudanganye mtu. Watakutajia vitabu vya ufundi wao kimoja kimoja, kisha wahamie kwa Isaac Asimov na roboti zake. Ila waulize Katama Mkangi ni nani, uone watakavyotazamana.

Mkangi ni wa Kilifi hii hii. Alikuwa mwanasosholojia, akawekwa kizuizini miaka ya 1980, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya Walenisi. Humo Dzombo anahukumiwa kifo, lakini hanyongwi: anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Anakimudu chombo chenyewe, akatua katika nchi iliyokwisha kuuzika unyonyaji. Wahakiki huizungumzia sana nchi hiyo njema, ambayo kwa maoni yangu ina mahubiri mengi kuliko visa. Mimi hukwama kwenye chombo. Yuko fundi aliyekiunda. Huenda alikijaribu, akasahihisha hitilafu, akapokea mshahara wake na kwenda nyumbani kula. Habari za fundi huyo huzipati katika kitabu cha kufundisha Python.

Wala roketi si jambo geni kwetu. Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Moja iliruka tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota.

Kwa upande wa ufundi, ningeanza na The Mythical Man-Month cha Fred Brooks, cha 1975. Brooks alisimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM, kazi ikachelewa, naye akaeleza kwa nini kuongeza watu katika programu iliyochelewa huzidi kuichelewesha: wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliolemewa. Wakubwa wa ofisi zetu nao wakisome.

Kisha riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Nagona, ya 1990. Ni kijitabu chembamba, lakini usikisome kwa pupa, maana wakati wenyewe humo hauendi mbele tu. Aliyezoea kupekua programu ya mtu mwingine isiyo na maelezo pembeni ataimudu kuliko sisi tuliosomea fasihi.