Chai Ikigeuka Rangi, Kuna Mtu Anaumia

Chai ikigeuka rangi huku kwetu, ujue kuna mtu anaumia. Nalitanguliza hili kwa sababu Oktoba inapokaribia, vijana wa mahema kutoka Nairobi hunipigia simu wakitaka niwaonyeshe mahali Kericho au Bomet panapofanana na zile picha za Marekani na Kanada: msitu mzima umekuwa mwekundu na dhahabu, hema katikati. Mimi ni mwalimu wa jiografia upande wa Litein, na shule zikifungwa huwapeleka watu kambini, kwa hiyo jibu langu haliishi bila somo kidogo. Wanavumilia.

Miti ya kule hupukutisha majani kwa kuwa mchana unafupika na baridi inabisha hodi. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba karibu unalingana. Chai huchipua mwaka mzima na kuchumwa kila baada ya wiki moja au mbili. Ukikuta shamba limekuwa la kahawia, ama limepogolewa, ama limeunguzwa na jalidi, kama ilivyotokea Januari 2012 Kericho na Nandi. Usiku mbingu inakuwa nyeupe kwa nyota, asubuhi majani yana barafu, na siku chache baadaye yamekauka kama tumbaku. Mwenye kamera atasifu. Mwenye shamba anahesabu kilo alizopoteza na wiki atakazokaa bila kuchuma.

Chai yenye rangi halali ipo moja, ile ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa hapa Kericho. Rangi yake inatokana na anthosiyanini, kemikali ile ile inayoipa miti ya Kanada wekundu.

Anayetaka majani ya rangi nampeleka kwenye mti wa tebeswet. Huota kando ya mito na kwenye mipaka ya mashamba, na haungoji msimu: mti wa kijani kabisa, kisha hapa na pale jani moja limewaka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Liokote. Lina umbo la moyo, chini limepauka, na ukiliinua juani mishipa yake yote inaonekana. Msitu mzima wa namna hiyo hutauona. Mimi nashukuru, maana unalazimika kutembea ukitafuta, na anayetembea huona pia nyani, mito na watu.

Sasa, walale wapi? Hoja yangu ni kwamba walale kwa mkulima mdogo. Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wadogo wa viwanda vya chai vya KTDA wamezoea kungoja bonasi ya mwaka, na bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa mbali na ile ya upande wa Mlima Kenya. Mwaka 2025 hasira zilifurika Bomet na Kericho. Pesa za hema chache kwenye nyasi mbele ya nyumba hazitaziba pengo hilo, lakini zinaingia mfukoni siku hiyo hiyo, bila mnada wa Mombasa na bila makato. Mama mwenye boma atakuuzia mursik (maziwa ya mgando) na kimyet (ugali), na mwanawe atakuonyesha njia ya mtoni. Kaunti zikitaka kusaidia zikarabati barabara za vijijini, na zisikimbilie kumdai leseni ya hoteli mtu mwenye choo kimoja na ng'ombe wawili.

Jirani yangu hataki kusikia habari hii. Anasema wageni huvunja vichipukizi wakitafuta picha, na ni kweli, nimewaona wakikaa juu ya chai. Hapo siwatetei. Wachumaji wanapita katika mistari ile alfajiri, na kila chipukizi lina mwenyewe.

Oktoba mvua hupenda kuja alasiri, mara nyingine na mawe, kwa hiyo hema liwe limesimama kabla ya saa nane na mfereji umechimbwa upande wa juu. Njoo na buti, koti zito na pesa taslimu. Na usimuulize mwenyeji bonasi ilikuwa ngapi kabla hujamaliza kikombe cha kwanza.