Msasa Si Heshima

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anamshauri kila anayenunua bunduki kuukuu ya Lee-Enfield aipige msasa, aipake vanishi na kusugua chuma mpaka king'ae, eti ndivyo silaha ya kale inavyoheshimiwa. Nakataa katakata. Huko ni kufuta ushahidi.

Hebu shika Lee-Enfield Namba 4 iliyotoka kiwanda cha Savage, Massachusetts, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ubavuni imegongwa chapa ya mali ya Marekani, ingawa iliundwa kwa ajili ya Waingereza chini ya mpango wa kukopesha silaha wa 1941. Geuza kitako: mihuri midogo ya wakaguzi imezama kwenye mbao, kina chake hakizidi unene wa ukucha. Ukipitisha msasa mara chache tu, imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Tayari hasara ni kubwa. Baada ya vita bunduki hizi ziliuzwa kwa bei ya chee Kanada na Marekani, nyingi zikakatwa mbao za mbele ili ziwe nyepesi za kuwindia. Zilizosalia nzima tuziache.

Kutu iondolewe, naam, kwa mafuta na kitambaa laini. Juhudi iliyobaki ielekezwe kwenye komeo: kichwa chake kilitengenezwa kwa vipimo vinne, 0 hadi 3, na kisichooana na mtutu kinaweza kupasua ganda la risasi karibu na uso wa mpigaji. Makala haikugusa jambo hilo hata kwa sentensi moja.