Darasa Lililogeuzwa: Usiku Simu Iko kwa Nani?

Mwaka juzi niliwaadhibu wanafunzi 11 kwa kosa ambalo halikuwa lao. Jambo hilo bado laniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika haya, wakati huu ambapo kila warsha ya walimu hapa Pwani imejaa mazungumzo ya kufundisha kidijitali.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli ya kutwa. Nilikuwa nimesikia habari za mtindo uitwao darasa lililogeuzwa, nikaupenda. Tulivyozoea ni kwamba mwalimu hueleza somo darasani, kisha mwanafunzi hwenda kupambana na mazoezi nyumbani peke yake. Mtindo huu wageuza mambo. Maelezo mtoto huyapata nyumbani, kwa video au kwa maandishi, na mazoezi huyafanya darasani mwalimu akiwa karibu naye. Fikira yenyewe ni ya busara. Mtoto aweza kusikiliza maelezo akiwa peke yake, lakini anapokwama kwenye swali ndipo anapohitaji mtu.

Basi nikajirekodi kwa simu, dakika 12 juu ya logi, nikaituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Asubuhi yake wanafunzi 11 kati ya 43 hawakuwa wameitazama. Nikawaona wavivu. Nikawatoa nje wakasimama uani mpaka kipindi kikaisha. Jioni mmoja wao alinifuata, akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, simu ni ya baba, na baba usiku huenda nayo baharini."

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuwauliza wengine mmoja mmoja. Kwa mmoja, simu iliyoko nyumbani ni mulika mwizi, haina video. Wa pili, mamake huuza viazi karai mpaka saa nne za usiku na wateja hulipa kwa M-Pesa, kwa hivyo simu haitoki mkononi mwake. Wa tatu alifungua video, data ikaisha katikati. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Nilikuwa nimewaadhibu kwa umaskini wa nyumba zao.

Tuangalie mtindo huu ulikotoka. Walioupa sifa ni walimu wawili wa kemia huko Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, mwaka 2007, katika skuli ya sekondari ya mji mdogo wa Woodland Park, jimbo la Colorado. Wanafunzi wao walikuwa wakikosa vipindi kwa sababu ya safari ndefu za michezo, wakaamua kuwarekodia masomo. Baadaye waliona kwamba faida kubwa haikuwa video. Faida ilikuwa ule muda wa darasani uliobaki, ambao sasa mwalimu aliweza kuutumia kumkaribia kila mtoto. Na wale wasiokuwa na intaneti nyumbani waliwapa masomo yale kwenye DVD au kwenye flashi. Tatizo la mtoto asiye na intaneti walilikuta wao mwanzo, wakalitafutia dawa. Sisi tumechukua mtindo, dawa tukaiwacha hukohuko.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Machi 2020 skuli zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Serikali ikaleta masomo kwa redio, kwa runinga na kwa intaneti. Aliyekuwa na vifaa alisoma. Asiyekuwa navyo alikwenda kuvua, kuchunga mbuzi au kukaa barazani. Julai mwaka huohuo, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Kabla ya hapo, kuanzia 2016, serikali iligawa tabuleti zaidi ya milioni moja katika skuli za msingi. Mzazi msomaji wangu, hebu uliza kwenye skuli ya mtaani kwako zile za kwao ziko wapi leo, na ni nani aliyefundishwa kuzitumia.

Kuna jingine linalonichoma mimi kama mtu wa Pwani. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Kenya zapanda nchi kavu hapahapa Mombasa. Ule wa TEAMS uliofika 2009 watoka Fujairah, katika Muungano wa Falme za Kiarabu, na huo wa SEACOM ulifika mwaka huohuo. Nyengine zimefuata. Intaneti ya Nairobi, na hata ya majirani zetu wasio na bahari, yapita kwenye mchanga wetu. Lakini mtoto wa Kizingitini au wa Ganze bado apanda kwenye kilima kutafuta mtandao.

Je, niuwache mtindo huu? La. Na sababu yangu haitoki Marekani. Aliyepita chuoni aujua mtindo huu tangu utotoni. Mwalimu humpa mtoto fungu lake, mtoto akenda kudurusu nyumbani, na kesho yake hukaa mbele ya mwalimu asikilizwe. Muda wa mwalimu ulikuwa wa kusikiliza na kusahihisha. Lakini kila mtoto alikuwa na juzuu yake mkononi. Hakuna aliyengoja baba arudi na juzuu kutoka baharini. Hilo ndilo sharti la darasa lililogeuzwa, na ndilo tulilolisahau.

Baada ya siku ile nilibadilisha utaratibu. Maelezo sasa nayaandika ukurasa mmoja, kila mtoto apate nakala yake. Video ni ya ziada, naitia kwenye memori kadi, na wenye simu nyumbani huirusha kwa wenzao bila data. Kila Jumanne na Alhamisi darasa hubaki wazi saa moja baada ya masomo, na kompyuta moja ya skuli huwashwa kwa asiyekuwa na kitu nyumbani. Siwadanganyi kuwa wote wamekuwa mabingwa wa hisabati. Lakini sasa kipindi kikianza najua nani amekwama na wapi, na siku hizi hakuna anayesimama uani.

Kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa mwalimu mmoja. La kwanza ni la wakuu wa skuli. Ziko programu kama Kolibri zinazohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu bila intaneti. Skuli moja ikishapakua, basi yatosha kuanza. La pili ni la kaunti. Katiba ya 2010 imeziweka maktaba chini ya serikali za kaunti, hivyo gavana hawezi kutuambia kuwa elimu ni ya Nairobi. Maktaba yenye taa na intaneti mpaka saa mbili za usiku, yenye mlinzi ili wasichana warudi nyumbani salama, ni kazi yake. La tatu ni letu walimu. Kabla ya kutuma kazi ya simu, tuulize simu ile usiku iko kwa nani. Skuli nyingi zamkataza mwanafunzi kumiliki simu mchana, kisha zamlaumu kwa kukosa simu usiku. Wazazi tayari wamechoka kukimbia saiba kuchapisha kazi za CBC. Tusiwaongezee mzigo mwengine tukauita maendeleo.

Yule mwanafunzi nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Aliinamisha kichwa, akasema, "Hapana neno, mwalimu." Lakini neno lipo. Tukigeuza madarasa bila kuwatazama watoto hawa, aliye nacho atasoma mara mbili, nyumbani na darasani, na asiye nacho hatasoma hata mara moja.