Kuchonga ni nusu tu ya kazi

Makala nzuri, lakini kuuita mtumbwi wa Wahaida, wenyeji wa pwani ya magharibi ya Kanada, "gogo lililochongwa" ni kuupunja. Fundi akishaukomba mwerezi mwekundu, hutoboa vitundu na kupachika vijiti vilivyopimwa, apate kujua unene uliobaki. Kisha hujaza maji ndani, akatumbukiza mawe yaliyookwa motoni mpaka maji yachemke. Mvuke ukishalainisha mti, mbavu hutanuliwa pole pole kwa vipande vya mbao vya kukingama. Hapo chombo hupata tumbo pana, omo na tezi zikinyanyuka tayari kukabili mawimbi. Ukiwa na pupa kinapasuka, na mti uliokua kwa karne kadhaa umekwenda bure.

Ujuzi huu ulikaribia kupotea baada ya ndui ya 1862 kuua watu wengi mno. Ndiyo maana nasikitika Bill Reid, mchongaji wa Kihaida aliyesaidia kuufufua, hakutajwa. Loo Taas, mtumbwi wake wa mita 15 hivi, ulichongwa kwa ajili ya maonyesho ya Vancouver ya 1986. Mwaka uliofuata Wahaida wenyewe waliupiga kafi mamia ya kilomita, wakaufikisha kwao Haida Gwaii.