Pawa Renja Mweusi wa Isevya: mali au changa la macho?

Kama kawa, safu yetu ya kukagua vitu vya mjini imerudi, na wiki hii sikagui simu wala raba. Nakagua mdoli. Ndiyo, mdoli! Cheka tu, lakini ujue kuna watu wazima, wenye ndevu na ndoa zao, wanaotoa mshiko wa maana kwa kitu hiki, wanakifungia kabatini, na ole wake mtoto atakayekigusa.

Jina lake Pawa Renja Mweusi. Nimemtoa hapa hapa Isevya, Tabora, kwenye turubai la mitumba, kati ya dubu wa manyoya mwenye jicho moja na kigari kisicho na matairi ya nyuma. Dada aliyekuwa anauza alianza na elfu tano. Nikamwambia, "Dada, huyu mtu hata silaha hana." Akanijibu, "Kwani kaka unatafuta mdoli au jambazi?" Turubai zima likaangua kicheko. Tukamalizana kwa elfu tatu.

Kwa waliozaliwa juzi, tuwekane sawa. Pawa Renja walianza kuonekana kwenye televisheni za Marekani Agosti 1993. Vijana watano wa mji wa kubuni unaoitwa Angel Grove wanapewa nguvu za ajabu, wanavaa mavazi ya kubana yenye rangi tofauti, wanapigana na mazimwi ya yule mama mchawi Rita. Ila pale walipovaa kofia, mara nyingi uliyekuwa unamwona si Mmarekani. Wajapani walikuwa na mchezo wao wa televisheni wa 1992 uitwao Zyuranger, Wamarekani wakanunua zile picha za vita, wakapiga zao za vijana wakiwa sura wazi, wakaunganisha. Mmarekani anaongea, Mjapani anatoa kichapo. Kudadeki!

Sisi huku Bara vituo vya televisheni vilianza 1994, tena Dar. Wengi wetu wa mikoani tuliwajua Renja kwenye vibanda vya video, kanda imenakiliwa mpaka picha inanyesha mvua. Kiingereza hakikumsumbua mtu. Enzi hizo ndizo zilizotupa watu kama Lufufu, waliokuwa wanasimulia filamu kwa Kiswahili juu kwa juu, na hata pasipokuwa na msimulizi, kibandani hakukosekani mjuaji mmoja wa kueleza kila kitu kwa sauti.

Haya, mdoli wenyewe. Una urefu wa sentimeta 14 hivi, ni kazi ya kampuni ya Bandai ya Japani, toleo la miaka ya 1990. Viungo ni vichache: mikono inazunguka begani, miguu inakwenda nyongani, basi. Ukitaka apige teke la kuruka, mrushe wewe. Rangi nyeusi imekwaruzwa magotini na zile alama nyeupe za kifuani zimeanza kuchujuka. Sura ya binadamu imechongwa juu juu, ni kijana mweusi tu, haifanani sana na mwigizaji mwenyewe.

Lakini bwana wee, bonyeza mkanda! Pale kiunoni pana kitufe. Ukikibonyeza, kichwa cha binadamu kinapinduka na kuzama kifuani, na kile chenye kofia kinachomoza mahali pake. Fya! Springi ina umri wa kuoa na kuoza, na bado inafyatuka. Nilipoupeleka kijiweni, masela waliokuwa wanabishana habari za usajili waliacha, wakapanga foleni ya kubonyeza. Mmoja, fundi pikipiki asiyeshtuka kirahisi, alibonyeza mara kumi na nne. Nilihesabu.

Linganisha na midoli ya kisasa. Hasbro waliinunua Pawa Renja 2018, na 2019 wakaanza kutoa mfululizo unaoitwa Lightning Collection. Hiyo ni ya inchi 6, imechongwa kwa ufundi wa hali ya juu, viwiko na magoti vinakunjika, na wengi wana kichwa cha ziada cha sura ya mwigizaji. Sina ubishi, ni mizuri ile mbaya. Ila ukitaka Renja wako abadilike, unamng'oa kichwa kwa mkono na kumchomeka kingine kama unabadilisha balbu. Hapo ndipo mzee wangu wa mtumba anapowaacha mbali. Yeye anabadilika, wale wanabadilishwa.

Sasa mambo ya rangi. Kijiweni kwetu suala la nani achukue Renja gani haliamuliwi na ushujaa. Linaamuliwa na Simba na Yanga. Mwekundu, ambaye ndiye kiongozi, ni wa Msimbazi. Wa Njano, na yule wa Kijani aliyekuja baadaye, ni wa Jangwani. Nikawakumbusha watani zangu kuwa Kijani alianza kama adui, katumwa na Rita awamalize wenzake, kisha 1994 akahama jezi kabisa akavaa nyeupe. Kelele zilizofuata siwezi kuziandika gazetini. Mweusi hana timu, ndiyo maana hakuna aliyenigombania.

Wamarekani nao walibishana juu ya rangi, ila wao lilikuwa jambo zito. Walter Jones, kijana mweusi, akapewa vazi jeusi. Thuy Trang, binti mwenye asili ya Vietnam, akapewa la njano. Maswali yalikuja, na mpaka leo bado yanaulizwa.

Huyo Walter Jones ndiye aliyenifanya nitoe elfu tatu. Ni mcheza dansi kutoka Detroit, na mtindo wake wa kupigana aliuchanganya na dansi, ukaitwa Hip Hop Kido. Kwetu sisi, kumwona kijana mweusi anapiga mazimwi huku anacheza, tena si mwizi, si dereva wa mzungu, wala si yule anayekufa dakika ya kumi ya filamu, ilikuwa kitu kikubwa. Jones hana kidole cha kati cha mkono wa kushoto, alikipoteza akiwa mtoto mdogo. Ukiiangalia vizuri kanda utaona. Mdoli umekunja ngumi na umepewa vidole vyote.

Na hapa ndipo kitu kinapouma. Krismasi ya 1993 midoli ya Pawa Renja iliadimika Marekani, wazazi wakahangaika duka hadi duka. Pesa ilikuwa inamwagika. Mwaka uliofuata, 1994, Jones, Trang na Austin St. John, yule Mwekundu, wakaondoka kwenye mchezo kwa sababu ya malipo. Walikuwa wanalipwa kiduchu ukilinganisha na biashara iliyokuwa inazunguka. Watayarishaji wakaendelea kwa kutumia picha za zamani na migongo ya watu wengine, hatimaye ikasemwa wametumwa Uswisi kwenye mkutano wa amani. Uswisi! Nguo nyeusi ikaendelea na safari na kijana mwingine, Johnny Yong Bosch. Kwa hiyo ukibonyeza mkanda na kichwa cha Jones kikazama kifuani, kofia ikabaki juu, ujue ndivyo ilivyokuwa hasa.

Trang alifariki kwa ajali ya gari 2001. Jason David Frank, yule Kijani aliyegeuka Mweupe, alijiua Novemba 2022. Jones alirudi kuvaa nyeusi 2023, kwenye filamu ya kuadhimisha miaka 30, na wenzake hao wawili wakakumbukwa humo. Niliiangalia kwenye simu ya mshikaji, na sikuona aibu kupangusa macho.

Tuvute pumzi kidogo. Kila Renja ana mnyama wake, na wa Mweusi anaitwa mastodoni, ndugu wa kale wa tembo aliyekwishatoweka. Tazama kofia vizuri, utaona imechongwa kwa sura ya mnyama huyo, na pembe zake. Sasa fikiria: mji wa Tabora ulikuzwa na pembe za ndovu. Misafara ilipita hapa kwenda Bagamoyo, pembe mabegani mwa Wanyamwezi, ikarudi na shanga na merikani, ile nguo ya pamba iliyopewa jina la kwao ilikotoka. Na wazee wetu hawakuwa wa kupokea chochote. Mfanyabiashara aliyeleta shanga za rangi isiyopendwa mahali fulani alikwama nazo, hata angekuja na mizigo mia. Ndiyo maana ninacheka nikisikia watu wa Dar wanasema sisi wa huku hatujui kuchagua vitu.

Basi tuchague. Maana feki zimejaa, na siku hizi kuna vijana wanauziwa feki kwa bei ya mali, wakiambiwa ni "ya kukusanya, itapanda bei."

Kwanza, usidanganywe na maneno "Made in China". Hata Bandai orijino ilitengenezewa China. Tafuta maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki, jina la kampuni na mwaka. Pili, tazama kofia. Mwekundu ana tairanosaurasi, Bluu ana mnyama wa pembe tatu, Waridi ana yule anayeruka, Njano ana chui wa meno marefu. Ukikuta watano wote wana kofia moja iliyobadilishwa rangi tu, weka chini. Tatu, na huu ndio mtihani ninaoupenda: sketi. Wa Waridi ana kisketi, wa Njano hana, ingawa wote ni mabinti. Sababu ni kwamba kule Japani wa Njano alikuwa mwanamume, na picha zake ndizo zilizotumika. Ukiuziwa wa Njano mwenye sketi ukaambiwa ni wa 1993, mwambie muuzaji akamvalishe mwanawe.

Nne si utani. Mdoli unaonuka rangi kali, au unaoacha rangi kidoleni, usiupeleke nyumbani penye mtoto anayetia vitu mdomoni. Risasi kwenye rangi inaharibu ubongo wa mtoto, na haina dalili ya kuiona kwa macho. Mwaka 2007 hata Mattel, kampuni kubwa ya Marekani, ililazimika kurudisha mamia ya maelfu ya midoli kwa ajili ya rangi yenye risasi. Kama wakubwa iliwapitia, hiyo isiyo na jina la mtengenezaji utaiaminije?

Halafu kuna hili la wanunuzi. Kijana mmoja hapa mtaani, jina namfichia, amepewa oda na mtu wa mbali akusanye Renja wa zamani. Anapita majumbani mchana wazazi wakiwa kazini, anawapa watoto pipi na biskuti, anaondoka na midoli. Nilimuuliza anauza bei gani huko. Akaangalia juu kama anahesabu maembe. Nikamwambia, mshikaji, mkute mama mwenye nyumba, sema unachotaka, taja bei, mpatane. Akanuna. Basi kina mama wa Isevya, mkiona mwanenu ana pipi nyingi kuliko kawaida, hesabuni midoli.

Mimi mwenyewe nimeahidiwa elfu thelathini na nimekataa. Si kwamba nimeshiba. Ni kwamba mdoli wangu una kitu kisichopatikana kwenye boksi lolote duniani. Silaha ya Renja Mweusi ni shoka, na wangu ulikuja mikono mitupu. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne, alipousikia mkasa huo alikwenda kwa fundi seremala akaokota kipande cha mninga, akakaa nacho siku mbili na wembe, akatoa kishoka cha urefu wa kidole. Mpini ameutia wino mweusi, makali ameyafunika kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Kinaingia kwenye ile ngumi barabara! Mkusanyaji atasema hiyo si orijino. Sawa. Aniletee yeye orijino ya mninga wa Tabora.

Tangu hapo makubaliano ni kwamba Jumamosi Renja analala kwa jirani. Wiki iliyopita alirudi na kichwa kimekwama katikati, nusu Jones nusu kofia. Ilikuwa maji ya embe. Dawa yake, kwa wenye tatizo kama hilo, ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, kisha mwache akauke kivulini. Usithubutu petroli, inalainisha rangi yote.

Ufundi wa kichwa nampa tisa kati ya kumi. Viungo vinne. Sura tano, na hiyo ni huruma. Shoka kumi. Ukimkuta mwenzake kwenye turubai na maandishi yapo mgongoni au mguuni, usizidishe elfu tano, na ubonyeze mkanda kabla hujatoa hela.

Wiki ijayo nakagua viatu vya matairi ya gari. Wenye malalamiko, leteni mapema.